Spea za Mashine Kuukuu ya Majani: Uliza Namba, Usiulize Jina

Masika yakishakolea, ukoka hukua usiku na mchana, na hapo ndipo mashine ya kukata majani iliyolala stoo tangu Desemba inapokataa kuwaka. Unavuta kamba mara ishirini, bega linauma, jirani anachungulia juu ya ua na kukupa pole ambayo hukuiomba. Fundi anaitwa. Anainama, anatazama, anatikisa kichwa: "Mzee, hii ya zamani mno. Spea zake hazipo tena." Halafu anakutajia duka linalouza mpya.

Usikate tamaa upesi. Sisemi kwamba fundi anadanganya. Anasema kweli kama anavyoijua, kwa kuwa ameshaulizia dukani kwa jina lililobandikwa juu ya bodi, na dukani wakamjibu kwamba jina hilo hawajawahi kulisikia. Kosa liko kwenye swali. Jina lile kubwa mara nyingi ni la kampuni iliyokunja bati la bodi tu. Injini iliinunua kwa mwingine, plagi kwa mwingine, beringi na mkanda kwa wengine, ikavifunga pamoja na kubandika stika yake. Kampuni hiyo inaweza kuwa imekufa zamani, lakini waliotengeneza vya ndani bado wapo, na kama hawapo, wapo wanaovitengeneza vinavyofanana.

Kwa hiyo safari ya kutafuta spea haianzii Kariakoo. Inaanzia uani kwako, kwenye kigoda, ukiwa na kitambaa, kipande cha chaki, rula na simu ya kupigia picha.

Isome mashine kabla ya kuifungua

Kwanza kabisa vua kofia ya plagi na uisogeze mbali. Mashine iliyogoma kuwaka asubuhi nzima inaweza kuwaka kwa bahati mbaya pale tu unapozungusha kisu kwa mkono, na vidole havina duka la spea. Ukitaka kuilaza uone chini, ilaze upande ambao kabureta na eakilina vitabaki juu. Ukikosea upande, oili inaingia kwenye eakilina na kabureta, na utakuwa umejiongezea ugonjwa ambao hukuwa nao.

Sasa tafuta namba za injini. Kwa mashine nyingi kuukuu zilizoingia kwetu kupitia shule, misheni, hoteli na nyumba za wageni waliohama, injini huwa ni Briggs & Stratton, kampuni iliyoanzia Milwaukee, Marekani, mwaka 1908, au Honda ya Japani. Briggs ya zamani hugongewa namba zake kwenye bati la kifuniko cha juu, jirani na plagi. Zipo tatu kwa mstari: ya modeli, ya aina na ya kodi, yaani "code". Kutu na rangi huzifunika. Usisugue kwa msasa, utazifuta. Osha kwa mafuta ya taa, pakaza chaki kisha ufute juujuu ili unga ubaki kwenye mashimo ya herufi, na mulika tochi kwa upande. Piga picha. Utaona tarakimu ambazo jicho lilikuwa halizioni.

Namba ya modeli ya Briggs si ya kubuni tu, inasomeka. Chukua 92902, modeli iliyokuwa ya kawaida sana kwenye mashine za kusukuma. Tarakimu ya kwanza, 9, ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo, karibu cc 148. Hiyo 9 ya katikati inakwambia shafti imesimama wima na kabureta ni ile inayokaa juu ya tangi. Hiyo 2 ya mwisho inasema inawashwa kwa kamba inayojirudisha yenyewe. Namba ikiwa na tarakimu sita, mbili za mwanzo ndizo za ujazo: inayoanza na 12 ni ya inchi 12, karibu cc 190. Na ile ya kodi inaanza na tarehe ya kutengenezwa, mwaka kwanza, kisha mwezi na siku. Ukikuta 850612 na tarakimu nyingine mbele yake, injini hiyo ilizaliwa tarehe 12 Juni 1985. Usidharau kodi. Modeli ile ile iliendelea kutengenezwa miaka mingi huku ikibadilishwa hiki na kile, na muuzaji anayejua kazi yake atakuuliza namba zote tatu. Anayekuuliza rangi ya mashine, mshukuru na uendelee na safari.

Honda wao huandika jina la injini waziwazi: GXV160, GCV160 na kadhalika, na namba ya mfululizo imegongwa kwenye bloki. Vipuri vyao vina namba ya mafungu matatu. Kwa mfano 17211-ZL8-023 ni chujio la hewa la GCV160: fungu la kwanza linaeleza ni kipuri gani, la kati linaeleza kilibuniwa kwa injini ya familia gani, la mwisho ni toleo. Kabureta huanza na 16100. Ukishalielewa hili, hata muuzaji akikupa boksi lililochanika unaweza kujua kama kilichomo kinahusu mashine yako.

Kuna injini ya tatu utakayokutana nayo, Tecumseh, nayo ya Marekani. Hao waliacha kutengeneza injini za petroli mwaka 2008. Vitu vidogovidogo vya Tecumseh bado vinapatikana, hasa kabureta na viwambo vyake, ila kama kilichoharibika ni pistoni au shafti, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho ya makala haya.

Hakikisha aliyekufa ni nani

Nitakusimulia ujinga wangu ili usiurudie. Mashine yangu niliinunua mnadani, vitu vya shule vikiuzwa kwa mafungu, na mwaka wa pili ikagonga mzizi wa mparachichi na kuzima. Tangu hapo ikawa inawaka kwa kujiuliza: ukiivuta inarudisha kamba kwa nguvu mpaka vidole vinalia, inapiga mlipuko mmoja kwenye ekzosi, inanyamaza. Nikanunua plagi. Haikusaidia. Nikanunua koili, tena kwa kuifuata mji mwingine. Haikusaidia. Nikanunua kabureta nzima kwenye duka moja ambalo sitalitaja, na mwenye duka akaniapia kwamba hiyo ndiyo yenyewe, kumbe hata matundu ya boliti hayakulingana. Aliyenitoa shimoni ni mzee mmoja fundi wa majenereta. Alisikiliza hadithi yangu hadi nilipofika kwenye mzizi, akanikatiza. "Umeitazama kii?"

Kii ni kipande kidogo cha chuma chenye umbo la tofali, hakizidi urefu wa kucha, kinachofunga flaiwili kwenye shafti ili zisipishane. Kwenye Briggs kimetengenezwa kwa madini laini kwa makusudi. Kisu kikigonga kisiki, shafti inasimama ghafla lakini flaiwili nzito bado inataka kuzunguka, na kii inakatika au inapinda. Flaiwili ikishaserereka hata milimita moja, cheche inatoka wakati usio wake. Injini ina petroli, ina cheche, ina mgandamizo, na bado haiwaki au inapiga teke. Mtu anaishia kununua kila kitu isipokuwa hicho, ambacho ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

Kwa hiyo kama mashine yako iliacha kuwaka baada ya kugonga kitu, fungua kifuniko cha juu na utazame mfereji wa flaiwili na mfereji wa shafti. Vinatakiwa kutazamana sawasawa. Ukiona ngazi kidogo, umempata. Kuing'oa flaiwili tumia kifaa cha kuvutia, usiipige nyundo kwenye mapezi, maana yakikatika injini itakosa upepo wa kuipoza na itatetemeka. Na hapa naomba unisikie vizuri: fundi atataka kukuchongea kii kutoka kwenye msumari au kipande cha nondo. Kataa. Kii ya chuma kigumu haikatiki, ndiyo, lakini siku utakapogonga jiwe tena ile nguvu itakwenda kupasua flaiwili au kupinda shafti, na shafti iliyopinda ndiyo mwisho wa injini.

Kama haikugonga kitu, jaribio la kutenganisha moto na mafuta ni rahisi. Dondosha petroli kidogo sana, kama nusu kijiko cha chai, kwenye koo la kabureta, rudisha eakilina, ondoa kopo la petroli pale, kisha vuta. Ikiwaka sekunde mbili na kufa, upande wa moto ni mzima, na shida iko kwenye njia ya mafuta. Isipogutuka kabisa, anza na plagi, kisha koili. Briggs za kabla ya 1982 hivi zina pointi na kondensa chini ya flaiwili, kama pikipiki za zamani. Za baadaye zina koili ya kielektroniki, na ipo ya kufunga kwenye nyingi za zamani ili uachane na pointi moja kwa moja. Koili mpya ukiifunga iache nafasi nyembamba kati yake na flaiwili, kama robo milimita. Kadi ya biashara inatosha kuwa kipimo: iweke katikati, sumaku ivute koili, kaza, vuta kadi utoe.

Kabureta: nunua kidogo kabla ya kununua nzima

Kwenye zile Briggs ambazo kabureta imekaa juu ya tangi, katikati yao kuna kiwambo cha mpira, chembamba kama ngozi ya kitunguu, kinachofanya kazi ya pampu. Petroli ikikauka humo msimu hadi msimu, kiwambo kinakakamaa. Dalili zake: mashine inawaka, inapanda na kushuka kama inayopumua kwa shida, inazima. Dawa ni kiwambo kipya pamoja na gasketi yake, siyo kabureta. Piga picha wakati wa kufungua uone kipi kilitangulia, kiwambo au gasketi, maana mpangilio hutofautiana kati ya modeli na modeli, na ukivigeuza haitawaka.

Kabureta zenye floti, kama za Honda, huziba jeti. Ioshe kwanza, tena kwa subira, kwa waya mwembamba wa shaba wala si sindano, maana sindano inapanua tundu. Ikishindikana kabisa, ndipo ununue. Kabureta nyingi zilizopo sokoni ni za Kichina zinazoiga zile za asili, na mimi sina ugomvi nazo. Nimefunga mbili na zote zinafanya kazi. Ila usiondoke dukani kabla ya kuzilaza mbili pamoja mezani, ya zamani na mpya, na kulinganisha vitu vinne: umbali kati ya matundu ya boliti, upana wa koo, upande ambao bomba la mafuta linaingilia, na upande ambao choki inafungia. Sura zikifanana halafu choki ikafunga kinyume, waya wako hautafika.

Gasketi za karatasi unaweza kukata mwenyewe kwa karatasi ya gasketi inayouzwa kwa mita, mradi unene uwe ule ule. Gasketi ya kichwa cha silinda usijaribu. Na sponji ya eakilina usiikate kwenye godoro. Najua inafanana. Ikilowa oili na mvuke wa petroli inamumunyuka, vipande vinamezwa na injini.

Vitu visivyo na kabila

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, kwa sababu watu hutafuta kwa jina la mashine vitu ambavyo dunia nzima inavitambua kwa namba.

Beringi ndiyo mfano mzuri. Kama mashine yako ni ile ya kupanda na kuendesha, mihimili ya visu imekaa juu ya beringi. Kama ni ya kusukuma, pengine zipo kwenye magurudumu tu. Ifute uone pembeni. Ukikuta 6203, basi hiyo ni 6203 popote duniani: tundu milimita 17, nje 40, unene 12. Ukikuta 6204, ni 20, 47 na 14. Ukienda kuiomba kama "beringi ya mashine ya majani" utatazamwa tu, au utauziwa kwa bei ya kipuri adimu. Nenda duka la beringi, sema "6203 2RS", na utapewa kabla hujamaliza kusalimia. Hizo herufi 2RS maana yake imezibwa kwa mpira pande zote mbili, nayo ndiyo unayoitaka, kwa kuwa majani mabichi na vumbi huingia kila mahali. Yenye ZZ imezibwa kwa bati na haizuii maji vizuri.

Sili za oili ni hivyo hivyo: kwenye mpira wake zimeandikwa namba tatu, tundu, nje na unene. Ile ya shafti ya Honda GX160 ni 25, 41 na 6. Tahadhari ni moja. Injini za Kimarekani hupimwa kwa inchi, na sili iliyopungua nusu milimita itavuja hata ukiipaka silikoni nusu chupa. Pima kwa kalipa.

Mkanda una mtego wake. Wenye upana wa juu wa milimita 13 ni wa daraja A, na ukiandikwa A42 maana yake ni inchi 42 zikipimwa kwa ndani. Lakini mikanda mingi ya mashine za majani kutoka Marekani huandikwa 4L, nayo hupimwa kwa nje. Upana ni ule ule, hesabu tofauti, kwa hiyo 4L420 si sawa na A42. Kama mkanda wa zamani umekatika na namba imefutika, zungusha uzi kwenye puli zote ukiwa umerudisha kikazio katikati, pima uzi, na uwaeleze dukani kwamba ndicho kipimo cha nje. Mkanda wa kawaida wa mashine ya kusaga utaingia na utafanya kazi, ila ukipita kwenye puli inayoukunja kinyume utachakaa mapema.

Waya wa mafuta na wa breki? Fundi wa bodaboda. Anao waya wa klachi wa kila urefu na kijibanio cha kukaza mwishoni, na atakufungia huku umesimama. Kamba ya kuwashia ni ya nailoni ya kusuka, milimita 4 hivi, ipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Choma ncha kwa kiberiti isifumuke. Mpira wa mafuta nunua ule wa petroli. Mrija wa dripu, ambao nimeukuta kwenye mashine zaidi ya tatu, petroli huugeuza kuwa kijiti baada ya miezi michache.

Plagi nayo inabadilishana jina. Briggs nyingi za zamani zenye valvu za pembeni hutumia Champion J19LM; kama haipo, NGK B2LM ni ndugu yake. Nafasi ya cheche ni milimita 0.76. Usifunge plagi ya pikipiki kwa kuwa tu nyuzi zimeingia. Ikiwa ndefu kupita kiasi, pistoni au valvu itaigonga.

Kisu

Hapa sitakuwa mpole. Kisu cha inchi 21 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Kikikatika, kipande hakitafuti njia ya heshima ya kutokea.

Kwa hiyo kisu kilichopasuka hakichomelewi. Kisu hakichongwi kutoka kwenye springi ya lori, hata kama fundi anakuonyesha alichokichonga mwaka jana na bado kipo. Chuma cha springi ni kigumu, hunoleka vizuri na hukaa na makali, lakini kikigonga jiwe kinaweza kupasuka kama kioo. Kisu cha kiwandani kimepewa ulaini wa kutosha ili kipinde badala ya kuvunjika.

Kupima kisu, usipime kwa mstari ulionyooka katikati. Pima kutoka ncha ya makali ya upande mmoja hadi ncha ya makali ya upande wa pili, kwa mshazari. Kisha pima tundu la katikati na uchore umbo lake kwenye karatasi, kwa sababu lipo la duara, la nyota, na lipo lenye umbo la kipepeo. Kama kuna matundu mawili ya pembeni, pima umbali wake toka kitovu hadi kitovu. Tazama pia mabawa, yale mapindo ya nyuma ya makali, yameinuka kiasi gani: ndiyo yanayovuta majani yasimame yakatwe. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi unaweza kununua kisu cha mashine yenye jina jingine kabisa kikakaa kama kimezaliwa hapo. Kipungue nusu inchi, sawa. Kisizidi hata kidogo, kitakwangua bodi.

Kabla ya kukifunga kining'inize kwenye msumari uliopigiliwa ukutani, kwa tundu lake la katikati. Upande ukishuka, noa upande huo mpaka kitulie. Boliti yake isiwe ya kuokota. Boliti ya inchi yenye nguvu huwa na mistari kichwani, mitatu au sita. Ya milimita huandikwa 8.8 au 10.9. Kichwa kitupu kisichoandikwa kitu ni cha kufungia mlango.

Pa kwenda, na namna ya kuuliza

Mtu akitafuta spea za mashine ya majani hutafuta duka la mashine za majani, na miji yetu haina mengi. Tafuta maduka ya pampu za maji na majenereta madogo. Pampu za kumwagilia bustani karibu zote hutumia Honda GX160 au mwigo wake wa Kichina, ambao mafundi huujua kwa namba 168F, na GXV160 ya mashine ya majani ina silinda ya kipimo kile kile: pistoni ya milimita 68, mwendo wa milimita 45. Shafti na kabureta haziingiliani, kwa sababu moja imesimama na nyingine imelala. Lakini fundi anayezijua pampu hizo anaijua injini yako kuliko anavyodhani. Pistoni na ringi nenda na za zamani mkazilinganishe.

Dar es Salaam, anza Kariakoo na Gerezani. Nairobi, Kirinyaga Road. Kampala, Kisekka. Pote huko usiende Jumamosi mchana, na usiende mikono mitupu. Nenda na kipuri chenyewe kimeoshwa, ndani ya mfuko, na picha za namba kwenye simu. Mazungumzo yatakuwa hivi:

"Karibu bosi. Unatafuta nini?"

"Habari za kazi, kaka. Kiwambo cha kabureta, Briggs, modeli 92902, kodi ya mwaka 85. Hiki hapa cha zamani."

Tazama uso wake. Akikichukua, akakiangalia na kuita kijana aende ghalani, uko mahali pazuri. Akisema "hiyo tunayo" kabla ya kukigusa, lipa baada ya kulinganisha. Na ukiuliza kama ni jenyuini ukajibiwa "original kabisa ya China", angalau umejibiwa ukweli.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaugongi: klabu za gofu, shule kubwa za bweni na hoteli zenye viwanja. Wana karakana, na nyuma ya karakana pana makaburi ya mashine. Mkuu wa karakana ukimwendea kwa heshima, na shikamoo mbele, atakwambia wanakonunua, na pengine atakuuzia kwa njia halali mashine iliyokufa ambayo wewe unahitaji gurudumu, tangi na kifuniko chake tu. Mimi ningependa mashine moja mfu ya modeli yangu kuliko orodha ya maduka kumi. Mnadani ukiona inayofanana na yako, hata kama imetoboka bodi, ipandie dau.

Ukishindwa hapa, agiza nje. Namba za vipuri vya zamani hubadilishwa: ulichokitafuta kwa namba ya 1985 sasa kina namba mpya, na ya zamani ukiitafuta utaambiwa haipo. Muulize muuzaji kwa maneno haya: namba hii imerithiwa na ipi? Kama una ndugu Marekani au Uingereza anayekuja likizo, vitu kama kiwambo, kii, koili na gasketi ni vyepesi, anaweza kuvibeba kwenye begi. Kabureta iwe mpya ndani ya pakiti yake. Iliyowahi kuingia petroli inanuka, na uwanja wa ndege wataizuia.

Injini ikishindikana

Toa plagi, mwambie mtu avute kamba taratibu huku wewe ukitazama boliti ya katikati ya kisu kutoka chini. Ikizunguka papo hapo, sawa. Ikicheza kama yai, shafti imepinda, na hakuna duka litakalokusaidia kwa bei ya maana. Vivyo hivyo kama konrodi ilikatika na kutoboa bloki. Hapo bodi ikiwa bado nzima, isiyotoboka kwa kutu, badilisha injini.

Injini ya pampu haitafaa, hata kama rafiki ana moja ya bure, kwa kuwa shafti yake imelala. Unataka yenye shafti wima, na dukani upime vitu hivi: kipenyo cha shafti, ambacho kwenye mashine nyingi za kusukuma ni inchi 7/8, yaani milimita 22.2, urefu wake chini ya kitako, mfereji wa kii, na matundu ya boliti za kitako, ambayo utayachora kwenye boksi la karatasi gumu kwa kulilaza juu ya bodi. Nenda na boksi hilo dukani. Angalia pia ekzosi inatazama wapi. Niliwahi kuona moja iliyofungwa vizuri kabisa ikimpulizia moto anayeisukuma.

Mashine ikishawaka, andika namba zote tatu za injini, kipimo cha kisu, namba ya mkanda na ya plagi kwa rangi ya mafuta nyuma ya mlango wa stoo, ambapo hapana wa kupafuta. Na vipuri vya zamani usivitupe wiki hiyo. Viweke kwenye kopo la maziwa hadi masika moja ipite, kwa sababu kile kipya kikifa mapema, cha zamani ndicho utakachokwenda nacho tena dukani kuonyesha.